Ndevu za Mzee Werema

Baba alikufa Jumatatu, lakini mimi nahesabu kutokuwepo kwake tangu Ijumaa iliyotangulia, saa saba mchana, nilipopita kitanda chake bila kumjua.

Chumba cha wagonjwa mahututi pale hospitalini kina vitanda vinne. Tangu Jumatano baba alikuwa kitanda cha pili. Siku ile nilinawa mikono mlangoni, nikavaa gauni la kijani wanalowapa ndugu, nikaenda hadi kitanda cha tatu, nikakuta mwanamke, nikarudi nyuma. Kwenye cha pili alilala mzee mwenye mashavu yaliyobonyea na kidevu chembamba, cheupe kuliko sehemu nyingine za uso. Mrija wa mashine ya kupumulia ulitoka mdomoni, umeshikwa kwa plasta mpya. Nikadhani baba amehamishwa. Nikageuka nimwulize nesi, na hapo nikaona sikio la kushoto. Ndewe ilikuwa imechanika, pale alipotogwa ujanani.

Walikuwa wamemnyoa ndevu.

Nina miaka thelathini na moja na sikuwahi kuona kidevu cha baba. Mama aliniambia alianza kufuga ndevu kabla mimi sijazaliwa. Watu wa kwetu Kenyamonta walimtambua kwa ndevu akiwa bado ng'ambo ya bonde.

Nesi alikuwa ameinama upande wa pili wa kitanda. Alikuwa akiokota ndevu zilizoanguka kwenye shuka, kidogo kidogo, mpaka mwisho. Alizitia kwenye bahasha ndogo ya dawa, akaikunja mdomo, akaiweka mfukoni.

"Karibu, dada," akasema aliponiona. "Dakika kumi. Na usipandishe sauti."

Hakusema chochote kuhusu ndevu. Mimi pia sikuuliza. Nilimtazama baba dakika zangu kumi, nikatoka nje kwenye benchi, na huko ndiko nilikofungua mdomo.

Kaka yangu Heche alikuwa amekaa na shangazi Felista, dada yake baba, wanakula karanga.

"Amemnyoa," nikasema.

"Nani kamnyoa nani?"

"Nesi. Yule mrefu. Amemnyoa baba ndevu zote."

Shangazi akaacha kutafuna. "Mzee wa watu ananyolewa na mtu asiye wa nyumba yake? Huyo ni maiti. Kaka yangu amekufa, mnanificha?"

"Hajafa, shangazi. Mashine inapumua."

"Mashine inapumua. Na yeye?" Akakung'uta maganda mapajani. "Ndevu ziko wapi?"

"Mfukoni mwa nesi. Kwenye bahasha."

Heche akasimama. Shangazi akamvuta shati. "Kaa chini, mura. Kwanza tujue ni nani."

Kwetu nywele za mtu haziachwi ovyo. Ukinyolewa unazikusanya, unazifukia. Hakuna anayekaa chini kukufundisha hilo, unakua ukiliona. Kwa hiyo neno bahasha lilitosha. Hakuna aliyehitaji kumalizia sentensi.

Ugonjwa wenyewe ulianza kwa msumari. Baba aliukanyaga kwenye bati kuukuu la banda la mbuzi, akapaka majivu, akaendelea na kazi. Siku ya kumi alikaa mbele ya ugali na mdomo ukakataa kufunguka. Heche akamtania, "Tata, leo umegoma?" Baba akajaribu kucheka, uso ukakakamaa vilevile. Jioni ile mgongo wake ulikuwa unapinda wenyewe. Hospitalini wakasema ni pepopunda. Daktari alitueleza mara moja, kwa haraka, kwamba mwanga, kelele na kuguswa ghafla vinaamsha mkakamao, na mkakamao mmoja mkubwa unaweza kumuua. Tulisikia. Lakini Alhamisi tulikuja na watu sita wa kwaya, na yule nesi mrefu alipotuzuia mlangoni kwa mikono miwili tuliona ametufukuzia Mungu.

"Mnaweza kuomba kimya," alisema. "Mungu anasikia."

"Na wewe umejuaje anavyosikia?" Shangazi akamjibu.

Ijumaa ile Shangazi alikwenda kwa mlinzi wa lango na karanga zilizobaki. Alirudi baada ya muda mfupi, uso umebadilika.

"Anaitwa Agustina. Mlinzi anasema ni mkali kama siafu, hata daktari akimwona ananawa mikono mara mbili. Agustina Thadeo." Akatutazama mmoja mmoja. "Wa Ringwani."

Heche akasema, "Thadeo yule?"

"Kwani Ringwani ina akina Thadeo wangapi waliokufa baada ya kufungwa?"

Inabidi nieleze. Baba alikuwa mfuatiliaji wa nyayo. Ng'ombe wakiibwa, vijana walikuja kumwita kabla ya kumwita mwenyekiti. Alitembea ameinama, mikono mgongoni, na aliweza kukuambia ng'ombe wangapi, yupi anachechemea, na waliokuwa wakiwaswaga walivaa nini miguuni. Miaka kumi na miwili iliyopita aliitwa kufuata ng'ombe tisa. Kesi ikaishia mahakamani, na Thadeo wa Ringwani, kijiji cha jirani, akafungwa miaka mitano. Alitoka anakohoa, akafa kabla mwaka haujaisha. Nyumbani kwetu hadithi hiyo ilisimuliwa kwa sentensi moja, na Shangazi ndiye aliyependa kuisimulia: Werema alimfuata Thadeo mpaka gerezani.

Sasa binti yake Thadeo alikuwa na ndevu za Werema mfukoni.

Tangu hapo kila alichofanya nilikiona kwa jicho lingine. Mlango wa chumba kile una kioo kidogo, na tukifika kabla ya muda niliweka uso wangu pale. Jumamosi niliona mikono ya baba imefungwa kwa bendeji kwenye vyuma vya kitanda. Niliona macho yake yamefunikwa kwa pamba na plasta. Niliona Agustina anainama, mdomo wake karibu kabisa na sikio lile lililochanika, anaongea. Aliongea mara moja kabla hawajamgeuza, na mara ya pili baadaye, kwa muda mrefu zaidi. Kila alipomaliza kitu aliandika kwenye karatasi kubwa iliyokuwa kwenye ubao miguuni pa kitanda.

"Anamwambia nini mtu aliyelazwa usingizi?" Heche aliuliza nilipowaeleza.

"Anamwambia amemjua," Shangazi akasema.

Jumapili, muda mfupi kabla ya saa kumi, mashine ya baba ilianza kulia. Nilikuwa kwenye kioo. Agustina alikuja mbio, akabonyeza kitu, mlio ukakoma. Akafanya kazi mdomoni mwa baba kwa mrija mwembamba, labda dakika moja au mbili. Kisha mtu akamwita kutoka kitanda cha tatu, akaenda huko. Pazia likavutwa, na mlinzi akatuondoa sote mlangoni.

Jumatatu saa mbili asubuhi baba akafa.

Heche hakulia. Alinunua karatasi. "Wewe ndiye uliyesoma," akaniambia. "Andika kwa mganga mkuu wa hospitali." Niliandika palepale kwenye benchi, kwa mwandiko wangu mzuri wa shule. Niliandika kuhusu bahasha, kuhusu kufungwa mikono, kuhusu kunong'ona, na kuhusu kesi ya Thadeo. Mstari wa mwisho ulisema: Jumapili nilimwona akizima mashine, kisha akaondoka. Heche alisaini kama mtoto mkubwa. Mimi nilisaini kama shahidi.

Hakuna aliyenilazimisha ule mstari.

Nyumbani wazee walitaka mazishi Alhamisi. Shangazi akasimama mbele yao na kusema kaka yake hatazikwa kidevu kitupu wakati ndevu zake ziko kwa mtu wa Ringwani. Hakuna aliyembishia. Wakasema niende mimi, kwa sababu Heche angepigana. Jumatano asubuhi nikapanda bodaboda hadi barabarani, kisha gari, nikafika hospitalini kabla ya saa tano.

Sikumkuta Agustina chumbani. Muuguzi mkuu wa chumba kile, mwanamume wa makamo aitwaye Sadock, alinipeleka kwenye ofisi ndogo yenye kabati la chuma na ndoo ya maji.

"Agustina amehamishiwa wodi ya watoto mpaka kamati isikilize barua yenu," alisema. "Chumbani tumebaki wawili tunaoijua ile mashine. Wagonjwa wanne, wauguzi wawili, mchana na usiku." Hakusema kwa ukali. Akatuma aitwe.

Agustina akaingia, akaketi mbali nami.

"Habari za kazi, dada," nikasema.

"Kazi ipi? Nipo huko napima watoto joto." Alinitazama vizuri. "Pole kwa msiba."

"Nimekuja kuchukua ndevu."

Akatoa ufunguo, akafungua kabati, akaweka bahasha mezani. Ilikuwa imeandikwa kwa kalamu ya bluu: Mzee Werema, kitanda namba mbili, ndevu, Ijumaa saa sita na dakika arobaini. Chini yake sahihi. Nilikuwa nimejiandaa anikatalie. Maneno niliyoyapanga njiani hayakuwa na pa kwenda.

"Kwa nini ulimnyoa?"

"Plasta haikushika kwenye ndevu. Alhamisi mrija ulisogea. Mrija ule ukichomoka kwa mtu ambaye taya limejifunga, kuurudisha ni bahati. Hata mikono tulimfunga kwa sababu hiyo, asiuvute dawa ikipungua."

"Kwa nini hukutuambia?"

"Ningewaambia nini? Nitoke pale mlangoni niwakabidhi ndevu za mzee naye bado yu hai? Wewe ni wa Kenyamonta. Yule shangazi yako angeanza kulia matanga palepale kwenye benchi."

Nilikaribia kucheka, nikajizuia. Ndivyo Shangazi angefanya.

"Ungezitupa, basi."

"Taka za chumba kile zinachomwa. Nichome ndevu za mzee pamoja na sindano na bendeji za watu? Mimi nimezaliwa Ringwani, sikuokotwa." Akafunga kabati kwa ufunguo. "Nilitaka niwape siku anatoka. Akitoka anatembea, akitoka vingine, niwape. Kaka yako alinitukana Jumatatu mbele ya watu, nikaziacha kabatini."

"Na ulikuwa unamnong'oneza nini?"

"Salamu."

"Salamu tu?"

"Dawa ya usingizi inalaza mwili. Masikio hatuna uhakika nayo. Mgonjwa kama yule ukimgusa hajajua, anakakamaa. Kwa hiyo unamwambia kwanza. Shikamoo mzee, ni Agustina, leo Jumamosi, tunakugeuza ubavu wa kushoto. Baadaye nikamwambia jua linazama, ng'ombe wameingia zizini, alale."

"Kwa lugha gani?"

"Kwa lugha gani tena? Ya kwetu."

Sadock alikuwa ameleta ile karatasi kubwa. Akaikunjua mezani. Ilikuwa na visanduku vidogo vingi, kila saa na kisanduku chake: mapigo, pumzi, mkojo, macho yamesafishwa, kinywa kimesafishwa, kageuzwa kulia, kageuzwa kushoto. Mwandiko wa bluu uleule. Nikafuata kwa kidole mpaka Jumapili.

"Uliizima mashine," nikasema.

"Nilinyamazisha kengele. Makohozi yalikuwa yamejaa, nikayanyonya. Mashine yenyewe inavuta na kutoa, ina sauti yake." Aliniinamia kwa mara ya kwanza. "Wewe ulikuwa kwenye kioo, nilikuona. Mlio ulipokoma, ulisikia nini?"

Nilitaka kusema sikusikia kitu. Lakini nilikuwa nimesikia. Mlango wa chumba kile haufungi vizuri, na baada ya kengele kukoma ile pumzi ya mashine iliendelea, ikivuta, ikitua, ikivuta. Niliisikia mpaka mlinzi aliponishika bega. Niliiacha nje ya barua.

"Iliendelea," nikasema.

Nikarudisha kidole kwenye karatasi. Kisanduku cha saa kumi kilikuwa kitupu, na vyote vilivyo chini yake vitupu, mpaka saa kumi na moja.

"Hapa hakuna kitu."

"Ndiyo. Nilikuwa kitanda cha tatu. Moyo wa yule mama ulisimama. Mwenzangu alikuwa ameenda kuchukua damu."

"Saa nzima hakuna aliyemwangalia baba?"

"Kwa macho, nilimtupia mara mbili au tatu. Kwa mikono, hakuna."

"Ungeweza kujaza."

"Sikuwepo, nijaze nini?"

"Na ile saa ndiyo iliyomuua?"

Sadock akakohoa, akataka kusema. Agustina akamtangulia. "Sijui," akasema. "Nimeifikiria. Saa kumi na moja nilimkuta vilevile nilivyomwacha. Lakini ukiniuliza kama najua, sijui."

Nilikunja ile bahasha ndani ya kitambaa. Ningeweza kuondoka hapo. Nilibaki kwa sababu swali lenyewe sikuwa nimeliuliza bado.

"Ulijua baba yangu ni nani?"

"Tangu Jumatano, niliposoma jina. Nilikwenda kwa huyu." Akamwonyesha Sadock kwa kidevu. "Nikamwambia mzee huyu alikuwa shahidi kwenye kesi ya baba, nipe kitanda kingine."

"Nikamwambia sina mtu mwingine," Sadock akasema. "Na kweli sikuwa naye."

"Kwa hiyo ulikuwa na kinyongo naye."

Agustina alinitazama kama mtu anayeangalia kipimo asichokiamini. "Kwani kwenu hawakuwaambia alichosema?"

"Alimfuata baba yako mpaka gerezani."

"Nilikuwepo mahakamani, nilikuwa mwaka wa kwanza chuoni. Baba yako aliulizwa mara tatu, nyayo ziliingia kwa Thadeo? Akasema mara tatu, zilipotea kwenye mawe ya mtoni, hajui zilitokea wapi. Waliosema ziliingia kwetu ni wale wengine aliokuja nao. Wao walikuwa wanne." Akasimama. "Na usifikiri nilimtunza kwa ajili hiyo. Yule mama wa kitanda cha tatu hata ukoo wake siujui. Wananisubiri watoto."

Kwenye gari nilikaa na bahasha mapajani. Nilimkumbuka baba akinifundisha nilipokuwa nachunga mbuzi. Aliniambia niseme ninachokiona tu. Nyayo zikiingia kwenye mawe, nisimame, niseme zimeingia kwenye mawe. Nilikuwa na miaka minane na nilichoka kusimama. Nilitaka niendelee mbele, niseme wapo kule. Alinirudisha kwa kunishika shingo, bila hasira, hadi kwenye alama ya mwisho.

Lakini pia nilijiambia kwamba Agustina anaweza kusema chochote. Baba amekufa, nani atabisha?

Shangazi nilimkuta jikoni, anasonga ugali wa waombolezaji. Nilimpa bahasha. Alisoma maandishi taratibu, mdomo ukicheza, akaifunga kwenye upindo wa kanga.

"Kazitoa kirahisi hivyo?"

"Shangazi, baba alisema nini mahakamani?"

Akaendelea kusonga. Nikauliza tena.

"Alituaibisha," akasema hatimaye. "Watu watano walikubaliana njiani kitu kimoja. Wanne wakakisema. Yeye akasimama pale na mawe yake. Mawe, mawe! Mwenye ng'ombe hakumsalimia mpaka anakufa."

"Na wewe ulikuwa unatusimulia alimfuata mpaka gerezani."

"Ulitaka niwasimulie aibu?" Akainua mwiko, akaushusha. "Sogeza hiyo sufuria, inaungua."

Tulimzika Alhamisi. Kabla ya jeneza kufungwa, Shangazi aliziweka ndevu chini ya kidevu, zikiwa ndani ya bahasha yake ileile, kwa sababu alisema akizimwaga zitapeperuka. Kwa hiyo baba amezikwa na mwandiko wa Agustina. Heche aliona, akageuza uso.

Baada ya watu kutawanyika nilimwomba aiondoe barua.

"Saa nzima kisanduku kitupu, umesema mwenyewe," akanijibu. "Sasa umepewa bahasha umelainika?"

"Sijalainika. Mashine haikuzimwa. Niliisikia."

"Jumatatu hukuisikia, leo umeisikia."

"Niliisikia Jumapili. Jumatatu ndiyo niliyoandika."

"Basi nenda ukawaambie wewe ni mwongo. Mimi sahihi yangu inabaki." Akachukua fimbo ya baba, ile ya kuchungia, akaenda zizini. Sikuweza kumjibu kuhusu saa ile. Mpaka sasa siwezi.

Nimeandika ukurasa wa pili wa kuipa kamati. Unasema niliona bahasha, niliona mikono imefungwa, niliona mdomo karibu na sikio. Unasema kengele ilinyamazishwa na mashine ikaendelea kupumua. Unasema kuanzia saa kumi mpaka saa kumi na moja pazia lilikuwa limevutwa na mimi sikuona kitu.

Kamati inakaa Alhamisi ijayo saa nne asubuhi. Heche ana nakala ya barua ya kwanza, yenye mwandiko wangu. Agustina bado yuko wodi ya watoto, na kitanda cha pili kina mgonjwa mwingine.